Kalenda ya Gereji, Barani

Ilitundikwa juu ya mtungi wa gesi ya kuchomelea,
Yamaha, mwaka sabini na tisa.
Mwaka ulipokwisha haikushushwa.
Baba hakuwa na haja na tarehe, alitaka picha:
kila mwezi pikipiki moja, au skuta,
na chini yake maandishi ya Kijapani
kama nyayo za kuku kwenye majivu.

Ndivyo nilivyojifunza miezi.
Januari ni Mate hamsini, nyekundu,
imebonyea katikati
ili mwenye kanga apande asijifunue.
Februari ni YB mia, mifupa mitupu,
ikipewa gunia mbili za nazi hainung'uniki.
Machi ni DT, miguu mirefu, tope haliigusi.
Aprili haipo. Mama aliifungia mahamri.
Mei ni AG, kerieri mbele, kerieri nyuma,
stendi kulia na kushoto.
"Aliyeiunda hii," baba akisema,
"amewahi kuchunga ng'ombe."

Juni, XT mia tano. Hiyo tuliiona kwa macho.
Mtaliano wa Casuarina aliisukuma mpaka mlangoni,
akasema *domani*, akaenda zake.
Miaka sita ilikaa chini ya mkorosho,
kuku wakitaga kivulini mwa tanki.
Kenga akaionea huruma. Akaipangusa,
akaitia petroli ya pesa zake, akaipiga kiki.
Kiki ikarudi, kifundo kikavunjika.
"Fadhila ya punda," baba akasema,
akaenda kutafuta gari la kumpeleka hospitali.

Zilizobaki hazikufika Malindi.
XS ya silinda mbili, pana kama kitanda.
Passola, skuta ya njano,
na msichana juu yake amevaa soksi nyeupe
kana kwamba duniani hakuna vumbi.
Baba alizitolea sauti kwa mdomo:
hii inakohoa hivi,
hii inalia nyembamba, cherehani tupu.
Hakuwahi kuzisikia hata moja.
Juzi nilizitafuta kwenye simu, nikasikiliza.
Passola aliipatia. Ile nyingine alikosea kidogo tu.

Siku hizi ni Boksa, Boksa, Boksa,
mwaka wenye Januari kumi na mbili.
Sizidharau. Zinanilisha.
Lakini mkono wangu ukiingia gizani kutafuta nati
haukutani na kitu cha kuuliza jina.

Baada ya matanga niliishusha kalenda
ili nipake ukuta chokaa.
Migongo yote ilikuwa imejaa penseli.

Nyuma ya Mei: *Afisa mifugo, kebo ya klachi, 18/=.
Amehamishwa Garissa.*
Nyuma ya Juni: *Mtaliano, kila kitu.*
Chini yake: *Kenga asidaiwe. Mguu.*
Nyuma ya Septemba hesabu ambayo sikuielewa,
na mchoro wa pistoni
uliofanana sana na chungu cha mama.

Nyuma ya Januari jina moja tu, juu mpaka chini.
*Jumwa mkunga, plagi.
Jumwa mkunga, tairi la nyuma.
Jumwa, cheni.
Jumwa, plagi tena, anaendesha na mafuta machafu,
nimemwambia hasikii.*
Hakuna bei popote.
Na pembeni, kwa herufi zilizobanana
kama abiria wanne juu ya kiti kimoja:
*Usiku. Mvua. Taa ya mbele imekufa.
Amekuja mpaka Ganda hivyo hivyo.
Msichana.*

Huyo ni mimi.
Niliketi juu ya tairi, brashi mkononi,
chokaa ikanikaukia vidoleni.
Jumwa nilimjua: bibi mkali, mwenye ugoro,
kila akipita hapa alinitazama magoti
kama anayekagua kazi yake.
Sikuwahi hata kumpa kiti.

Kijana ameleta Boksa, anasema taa haiwaki
na jioni ana safari ya Kakuyuni.
Nimemwambia aiache.
Namsikia akimuuliza mwenzake
kwa nini mama huyu ametundika kalenda kinyumenyume,
picha zote zikitazama ukuta.